Mkono wa Livingstone: kwa nini aliyeumia wakati mwingine hasikii maumivu

Msimu wa kuvuna kahawa ukifika, barabara zetu za milimani hujaa pikipiki, na simu za kipindi chetu cha afya hujaa swali moja. Mtu ameanguka na bodaboda. Ameinuka mwenyewe, amejifuta vumbi, amecheka na wenzake na kusema hajaumia. Amepanda tena pikipiki, akaenda zake. Ikifika jioni mkono umevimba, hawezi hata kushika kikombe cha chai, na ndugu zake wanauliza kama mchana alikuwa anajikaza tu.

Mara nyingi hakuwa anajikaza. Alisema kweli, hakusikia maumivu. Lakini mfupa nao ulikuwa umevunjika kweli. Ili tuelewe mambo haya mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulisoma habari zake darasani. Aliupita mto wetu wa Ruvuma na kufika ziwa letu la Nyasa akiwa na mkono mmoja mbovu. Ni David Livingstone. Shuleni tulijifunza safari zake. Leo tumfuate kwa huo mkono wake wa kushoto.

Kijana wa kiwanda cha pamba

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, huko Scotland. Mji wa Blantyre wa jirani zetu wa Malawi ulipewa jina hilo kwa ajili yake. Familia yao ilikuwa maskini, wote wakiishi katika chumba kimoja. Alipofika miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Aliegemeza kitabu kwenye mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, akaendelea na kazi. Usiku alikwenda darasani.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow. Novemba 1840 alipata cheti cha udaktari, na mwezi uliofuata akapanda meli kuja kusini mwa Afrika kama mmisionari. Kwa hiyo mtu tunayemzungumzia alijua mwili wa binadamu. Jambo lililompata baadaye hakulitazama kama mgonjwa tu, bali kama daktari pia.

Simba wa Mabotsa

Mwanzoni mwa mwaka 1844 Livingstone alikuwa akiishi Mabotsa, kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Afrika Kusini. Simba walikuwa wakivamia mazizi ya ng'ombe, hata mchana. Watu waliamini kwamba akiuawa simba mmoja, wengine watahama. Wakatoka kwenda kuwinda, na Livingstone akaenda nao akiwa na bunduki.

Alimpiga simba mmoja risasi mbili. Simba hakufa papo hapo. Livingstone alipokuwa anajaza tena bunduki yake, simba alimrukia, wakaanguka wote wawili chini. Akamkamata sehemu ya juu ya mkono wa kushoto na kumtikisa. Mfupa ulivunjikavunjika, na meno yakaacha majeraha 11.

Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa akifanya naye kazi. Mebalwe alielekeza bunduki yake, lakini haikulipuka. Hata hivyo simba alimwona, akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumuuma paja. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akaumwa begani. Ndipo zile risasi mbili za mwanzo zikafanya kazi yake, simba akaanguka na kufa.

Livingstone alisimulia tukio hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1857. Alieleza kwamba alipokuwa mdomoni mwa simba hakusikia maumivu, wala hakuona hofu. Alikuwa macho, alijua kila kinachoendelea, lakini alikuwa kama mtu aliye ndotoni. Alijifananisha na mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi kidogo, anayemwona daktari akimpasua lakini hasikii kisu. Kwa imani yake, aliona ni huruma ya Muumba kwa kiumbe anayekaribia kufa.

Watu wa zama zake waliyasoma hayo kwa mshangao. Sayansi ilichukua zaidi ya miaka 100 baada ya tukio hilo kueleza kwa undani kilichotokea ndani ya mwili wake.

Habari zinavyosafiri mwilini

Kwanza tujue mpangilio wenyewe. Mfumo wa fahamu wa binadamu una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni makao makuu, yaani ubongo ulio ndani ya fuvu, pamoja na ugwe mgongo, ile kamba laini inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Sehemu ya pili ni mishipa ya fahamu, ambayo pia huitwa neva. Hii hutoka kwenye ubongo na ugwe mgongo na kutawanyika hadi ncha za vidole. Tusiichanganye na mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu haipitishi damu, inapitisha habari.

Habari hizo hubebwa na seli maalumu. Ubongo peke yake una takribani seli bilioni 86 za aina hiyo. Nyingine ni fupi sana, nyingine zina mkia mrefu. Mkia wa seli unaotoka sehemu ya chini ya mgongo hadi kwenye kidole cha mguu wa mtu mzima unaweza kufika mita moja.

Ukiguswa au ukiumia, ncha za neva kwenye ngozi huamka. Badiliko dogo la umeme hukimbia kwenye ule mkia hadi mwisho wake. Pale mwisho kuna nafasi ndogo sana kati ya seli moja na inayofuata, isiyoonekana kwa macho. Umeme ule hauivuki nafasi hiyo. Badala yake seli humwaga kemikali, kemikali inavuka, na seli ya pili inapokea. Kuna kemikali zinazoiamsha seli ya pili ipeleke habari mbele, na kuna zinazoituliza ili inyamaze. Shika hilo la kutuliza, tutalirudia.

Njia za habari si moja. Kuna neva zinazoleta habari kutoka mwilini kwenda juu, na kuna zinazoshusha amri kutoka juu kwenda kwenye misuli. Mwendo wake nao haufanani. Habari ya kuguswa husafiri makumi ya mita kwa sekunde. Habari ya yale maumivu ya kuunguza na kuvuta husafiri polepole, karibu mita moja kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe unajua umejikwaa, halafu baada ya kitambo kidogo ndipo maumivu yenyewe yanafika.

Na si kila jambo hungoja ubongo. Mama akigusa sufuria ya moto, mkono huruka kabla hajajua ameungua. Amri hiyo imetolewa na ugwe mgongo wenyewe. Ubongo unapata taarifa baadaye.

Kuna pia mishipa ya fahamu inayojiendesha bila sisi kuiamuru. Inasimamia moyo, tumbo, jasho na mengineyo. Ina pande mbili. Upande mmoja huamka wakati wa hatari: moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, mboni za macho zinapanuka. Upande mwingine hufanya kazi wakati wa utulivu, tukila na kupumzika.

Kwa nini hakusikia

Sasa turudi kwa Livingstone mdomoni mwa simba. Neva za mkono wake zilikuwa zinapeleka habari za kuumia. Lakini maumivu hayakai mkononi. Yale tunayoyaita maumivu hutengenezwa na ubongo baada ya kupokea habari na kuzipima. Na ubongo hauketi tu kupokea, una njia ya kushusha amri hadi kwenye ugwe mgongo, kwenye lango ambalo habari za kuumia hupitia. Pale zinamwagwa zile kemikali za kutuliza. Habari zinafifia kabla hazijapanda juu.

Mwaka 1975 watafiti wawili, John Hughes na Hans Kosterlitz, walitangaza kwamba wamepata ndani ya ubongo kemikali za asili zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitalini. Walikuwa wakifanya kazi Aberdeen, huko huko Scotland alikozaliwa Livingstone. Kumbe mwili una dawa yake yenyewe, na huitoa hasa wakati wa hatari kubwa na mshtuko.

Hata vitani jambo hili limeonekana. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa Marekani aitwaye Henry Beecher aligundua kwamba wengi wa askari waliojeruhiwa vibaya hawakuomba dawa ya maumivu walipoulizwa. Hawakuwa wamezimia, na majeraha yao yalionekana wazi.

Faida yake ni rahisi kuona. Kiumbe aliyejeruhiwa akikaa chini kulia, atauawa. Kwanza akimbie, maumivu yatakuja baadaye. Lakini huo ni mkopo wa muda mfupi tu. Unaweza kudumu dakika chache au saa chache, kisha hulipwa.

Mkono mbovu, safari ndefu

Livingstone alilipa. Majeraha yalichukua muda mrefu kupona, na mfupa haukuunga sawasawa. Pale ulipovunjika pakabaki kiungo cha uongo, yaani mahali panapocheza kama kiwiko wakati hapakupaswa kucheza. Tangu siku hiyo hakuweza kuinua mkono huo kupita bega. Mwenzake aliyeumwa begani alimwonyesha kwamba jeraha lake lilifumuka tena mwaka uliofuata, mwezi ule ule.

Kwa mkono huo alifanya mambo yote tuliyosoma. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara zima kutoka Luanda, upande wa Atlantiki, hadi Quelimane, upande wa Bahari ya Hindi. Septemba 1859 alifika Ziwa Nyasa akitokea kusini. Mwaka 1861 alirudi na mashua, akakutana na mawimbi ambayo wavuvi wetu wa usipa wanayajua vizuri, akaliita ziwa la dhoruba. Mwaka huo huo, na tena mwaka 1862, alijaribu kupanda Ruvuma kwa chombo, lakini maji hayakutosha. Aprili 1862 mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi.

Mwaka 1866 alirudi mara ya mwisho. Alishuka karibu na Mikindani, akafuata Ruvuma kwa miguu. Njiani alikuta maiti za watumwa waliofungwa kwenye miti na kuachwa kwa sababu hawakuweza kutembea tena. Hiyo ilikuwa njia ya kutoka Nyasa kwenda Kilwa, na habari alizoziandika zilisaidia kuwaamsha watu wa Uingereza dhidi ya biashara hiyo. Agosti mwaka huo alifika ziwani, kwenye pwani ya mashariki, kusini mwa huku kwetu, mahali ambapo leo ni Msumbiji.

Pamoja naye walikuwepo Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa akiwa mtoto kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga. Bila wao habari ya mkono huu isingefika mwisho.

Maumivu yasiyonyamaza

Miaka ya mwisho ya Livingstone inatuonyesha upande wa pili wa maumivu. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa lilipotea. Homa, vidonda vya miguu na kuhara damu vikamwandama. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, akampelekea dawa na chakula, lakini Livingstone hakukubali kurudi kwao.

Zamu hii hapakuwa na ndoto ya kumfunika. Ile dawa ya mwili iliyomsaidia mdomoni mwa simba ni ya dharura, si ya ugonjwa wa miezi na miaka. Maumivu ya muda mrefu hayazoeleki tu. Wakati mwingine njia za habari huzidi kuwa kali, hata mguso mdogo ukauma. Ndiyo maana mgonjwa wa muda mrefu anayelalamika asiambiwe anadeka.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Walimpasua ili kuuhifadhi mwili. Kazi hiyo ilifanywa na Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari Zanzibar. Walikuta bonge kubwa la damu tumboni. Moyo waliuzika pale pale chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga na kuubeba.

Waliubeba zaidi ya kilomita 1,500. Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora. Huko walishauriwa na Mwingereza Cameron waumzike hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukapelekwa kwa meli hadi Uingereza.

Kule London palikuwa na wasiwasi. Mwili uliokaushwa, uliosafiri karibu mwaka mzima, nani angejua ni wa nani? Uso haukutambulika. Tarehe 15 Aprili 1874 madaktari waliufungua, akiwemo Sir William Fergusson. Wakautazama mkono wa kushoto, wakakuta ule mfupa uliovunjika na kiungo chake cha uongo. Wasiwasi ukaisha. Siku tatu baadaye alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Ndugu msikilizaji, jeraha ambalo mwenyewe hakulisikia siku lilipotokea ndilo lililomtambulisha miaka 30 baadaye. Ubongo wake ulinyamaza kwa muda. Mfupa ulikaa na ushahidi.

Tunajifunza nini huku kwetu

Usipime ukubwa wa jeraha kwa maumivu ya saa ile ile. Mtu aliyeanguka na pikipiki, aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, au aliyegongwa na mtumbwi, akisema hajaumia, mshukuruni Mungu lakini msimwache aende zake. Akae chini, apumzike, achunguzwe mwili mzima. Apelekwe zahanati hata kama anacheka.

Aliyegonga kichwa aangaliwe na watu hadi kesho yake. Akianza kutapika, kuumwa kichwa kinachozidi, kusinzia isivyo kawaida au kuzungumza ovyo, apelekwe kituo cha afya mara moja. Fuvu halipanuki, na damu ikivuja ndani inaubana ubongo.

Aliyeumia shingo au mgongo, au anayesema miguu ina ganzi au haisogei, msimwinue kwa kumshika mikono na miguu, wala msimpakie kwenye pikipiki akae. Ugwe mgongo ukikatika, njia za habari hazirudi kama zamani. Kama hayuko kwenye hatari ya moto au maji, aachwe alale palepale, mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine akatafute msaada. Ikilazimu kumhamisha, alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, watu kadhaa wakimgeuza kwa pamoja.

Aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini, hata kama jeraha ni dogo na haliumi, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kirusi cha kichaa cha mbwa husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Kikifika huko na dalili zikaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo inafaa kabla hakijafika, wakati mtu bado anajiona mzima.

Na kama una sehemu ya ngozi isiyosikia moto wala sindano, hata bila kuumia popote, nenda ukapimwe. Ganzi ya kudumu inaweza kuwa dalili ya ukoma au ya kisukari, na yote mawili yana matibabu.

Mebalwe hakungoja Livingstone apige kelele ndipo amsaidie. Aliona simba, akaenda. Nasi tukiona mwenzetu ameanguka, tusingoje alie.